Mamangu naye atazame kwa Kiswahili

Mnaniandikia kila wikendi "wewe uko Ulaya, tupe muvi za kutazama Netflix", haya leo nitawapa, lakini kuna jambo limenikaa rohoni, hili la muvi kutotiwa sauti za Kiswahili, na lazima nilitoe kwanza.

Mie hapa Bologna kazi yangu ni kutunza mzee, bibi wa miaka themanini na kitu, na bibi huyu ukitaka mgombane mguse saa ya tamthilia yake ya Kituruki. Terra Amara, ile ya mashamba ya pamba huko Adana, walianza kuionesha hapa 2022. Kituruki hajui hata salamu, miwani yake iko jikoni, lakini Züleyha akilia bibi naye analia, Demir akidanganya bibi anamtukana, kwa sababu wote wanaongea Kitaliano, tena Kitaliano safi utadhani wamezaliwa mtaa wa pili. Akishazima anampigia dadake simu wanaijadili mpaka chakula kinapoa. Nafurahi kumuona hivyo wallahi. Halafu namkumbuka mamangu kule Barani, Malindi, nashikwa na uchungu.

Maana mamangu Kiswahili chake ukikisikia hutaki anyamaze, lakini nikimlipia Netflix inabidi amngoje mjukuu atoke shule aje amtafsirie. Mtoto mwenyewe anatafsiri sentensi moja anaruka tatu, keshachoka anataka mpira. Mtu mzima aliyelea watoto na kuendesha biashara yake mwenyewe anakaa mbele ya kioo kama mgeni ndani ya nyumba yake, anauliza "kasemaje? kasemaje huyo?" Kwa nini?

Waitaliano hawafiki milioni 60 nchini mwao. Kiswahili, UNESCO wenyewe wanasema wasemaji ni zaidi ya milioni 200 na wakatupa siku yetu ya dunia tarehe 7 Julai. Sasa fungua sirizi yoyote kubwa, nenda kwenye setingi za sauti, Kitaliano utakikuta, iwe imetoka Uhispania, Ufaransa ama Korea. Kiswahili mie nakikuta kwenye zile zilizotengenezwa kwetu, basi. Lion King ya 1994 ilichukua majina yetu, Simba, Rafiki, halafu ikatiwa sauti za Kizulu. Sina ugomvi na Wazulu, heko kwao, lakini nauliza sie tulikuwa wapi.

Najua atakayesema "huyu kafika Bologna juzi sasa anatuona washamba." Ndugu yangu, sikuoni mshamba. Mie ndio nakwambia unastahili zaidi ya unachopewa. Hawa Waitaliano wenyewe hawakuzaliwa na kitu hiki, na asili yake hata si nzuri, ni serikali ya Mussolini mwaka 1930 iliyokataza filamu zenye mazungumzo ya lugha ya kigeni, basi wakalazimika kuzitia sauti zao. Serikali ile ikaondoka ufundi ukabaki. Kulikuwa na mtu anaitwa Ferruccio Amendola, yeye ndiye aliyekuwa sauti ya Kitaliano ya waigizaji wa Hollywood, ya De Niro, ya Stallone, ya Dustin Hoffman, na Al Pacino pia, mpaka ilipokuja filamu ya Heat ya 1995 ambayo De Niro na Pacino wanakaa meza moja ikabidi Pacino apewe mtu mwingine, Giancarlo Giannini. Wazee wa hapa wanawajua hawa kwa majina na wanawaheshimu kama waigizaji kamili.

Na sie ufundi huu tunao! Hapa ndipo ninapokasirika kabisa. Nani hamjui DJ Afro, yule Mkenya anayesimulia muvi za nje kwa Kiswahili? Kwenye vibanda vya vidio kule Maweni watu walikuwa wanalipa kumsikia yeye kwanza, muvi baadaye, mtu mmoja na maikrofoni anakuchukulia Mchina na Mhindi anakuletea mpaka kwenye benchi, stelingi anakuwa mtu wa mtaani kwenu. Tanzania walikuwa na Lufufu kazi hiyohiyo. Mwaka 2011 TBC, televisheni ya taifa ya Tanzania, wakaonesha ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili na watu wakaganda, hadi rais wa China alipokuja Dar 2013 akaitaja kwenye hotuba. Azam TV wamezitia Kiswahili tamthilia za Kituruki, na mama wa Tanga anazifuata bila mkalimani. Pwani hii ndiyo iliyomtoa malenga Mwana Kupona na utendi wake wa 1858, leo tuambiwe hatuna sauti? Vijana wa Malindi wamejifunza Kitaliano ufukweni kwa watalii bila darasa wala daftari, mie mwenyewe nilikuja hapa nikijibu watu kabla sijafungua kitabu. Huwezi kuniambia watu kama hao watashindwa kusimama studio wakasema maneno ya Omar Sy, yule mwigizaji wa Kifaransa.

"Lakini Kiingereza tunajua." Wewe wajua, hongera. Nyanyako je? "Si kuna sabtaito?" Za Kiingereza hizo, tena zinapita mbio, na mtu anatazama huku anasuka ukuti ama anachambua mchele, macho yako chini, masikio ndiyo yanayofanya kazi. Netflix wako Kenya tangu Januari 2016, wakatuletea mpango wa bure kwenye simu 2021, 2023 wakauondoa. Wanatujua vizuri, wanajua tuko wengi. Kuna ukurasa wao wa kuomba filamu, nendeni mkaandike Kiswahili, wengi wetu hatuutumii kabisa ila kulalamika tunalalamika.

Haya, muvi. Anza na Lupin ya 2021, Omar Sy anaigiza mtoto wa mhamiaji kutoka Senegal, babake alisingiziwa wizi na tajiri aliyemwajiri, na mtoto anakua analipiza kwa akili si kwa bunduki. Hii unaweza kukaa nayo sebuleni na wakubwa. Zero, pia 2021, ni ya Milano, kijana mweusi anayepeleka pizza ambaye anaweza kutoonekana, na mtaa wao unatafutwa na wenye pesa. Mie niliitazama yote kwa mpigo kwa sababu najua kupita mbele ya watu wasikuone. Walikatisha baada ya msimu mmoja, imeniuma.

Ila ile ninayowasihi ni Suburra, ilianza 2017. Mafia, wanasiasa na watu wa kanisa wanagombania ardhi ya Ostia, ufukweni karibu na Roma, kisa ni bandari. Sina haja ya kuwaeleza zaidi, wewe umezaliwa Malindi ama una shamba la familia upande wa Lamu utajua kila mtu anayeingia mlangoni amekuja kutaka nini kabla hajafungua mdomo. Tahadhari, matusi na uchi vimejaa, usithubutu kuiweka na babako ndani. Ukimaliza tazama Country Queen ya 2022, sirizi ya kwanza ya Kenya kwenye Netflix, kampuni ya dhahabu inataka kijiji, msichana aliyekimbilia Nairobi anarudi nyumbani. Kitu kilekile, safari hii kwa lugha zetu.

Nje ya Netflix itafuteni The Letter, dokumentari ya 2019, kijana anarudi kwao Kilifi kwa sababu nyanyake anaitwa mchawi. Hiyo tazameni pamoja, familia nzima, na mtajua kwa nini nasema hivyo.

Mwingine ataniuliza Kiswahili kipi sasa, cha Dar, cha Nairobi, ama Kiamu cha Lamu? Swali zuri. Gomorra ya 2014 imejaa Kinapoli mpaka Waitaliano wenyewe waliwekewa sabtaito za Kitaliano, na wakaipenda vilevile. Tafsiri iwe sanifu, na mhusika wa pwani aachwe aseme kipwani, hakuna atakayekufa. Mama, wewe kwa sasa mwambie mtoto akufungulie Siri ya Mtungi YouTube, ni ya Bagamoyo, hutahitaji mtu.