Nimelipa Nipakwe Kahawia

Watu wanakopa hela ili meno yao yawe meupe. Mimi nimetoa hela yangu mfukoni nikapakwa kahawia, na risiti ninayo. Mke wangu aliipokea ile risiti, akaisoma, akaigeuza upande wa pili kuona kama kuna maelezo zaidi, kisha akauliza taratibu: "Baba Neema, yaani umelipia uchafu?"

Si uchafu. Mimi ni mzaliwa wa Maji ya Chai, pale ukishapita Usa River unaelekea Moshi. Maji yetu yanashuka kutoka Mlima Meru na yamejaa floridi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita; ya kwetu hayajawahi kusikia habari hiyo. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi, yanachomoza yakiwa na mabaka ambayo baadaye yanageuka kahawia, na hapo hakuna mswaki, mkaa wala majivu yatakayoyatoa. Siku hizi pale Ngurdoto wataalamu wanayachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya wanyama, na ni kazi ya maana sana, ila mimi nilishaota meno. Nikicheka Dar es Salaam, mtu haniulizi kwetu wapi. Ananiambia.

Ajali yenyewe haina hata hadhi ya kusimuliwa. Nimepanda bodaboda, tunakata mitaa ya Kwa Mrombo, Arusha, mbele kuna tuta ambalo wiki iliyopita halikuwepo. Dereva akalistukia limeshafika, akafunga breki. Pikipiki ikasimama, yeye akasimama, mdomo wangu ukaendelea na safari mpaka kisogoni kwake, kwenye helmeti. Meno mawili ya mbele ya juu yakabaki nusu nusu. Mimi nimeshika mdomo, damu inachuruzika kwenye shati, yeye kavua helmeti anaipapasa kwa kidole gumba.

"Mkubwa, umenichubulia," akasema.

Vipande sikuviona. Baadaye dokta aliniambia kwamba ningevipata nikavitia kwenye maziwa, pengine angeweza kuvigandisha vilevile. Na maziwa yalikuwepo! Hatua chache tu kulikuwa na mama wa Kimaasai na vidumu vyake. Sema sijui ningeanzia wapi kumwomba anipimie nusu kikombe nilowekee jino.

Dokta wa meno alikuwa binti mdogo, mpole, ananiita baba. Akanieleza kwamba hanichongei meno ya bandia, atajenga juu ya yale yaliyobaki kwa kutumia kompositi, ile resini laini inayogandishwa kwa mwanga. Nikaona jambo jepesi. Ndipo akatoa kibao cha rangi. Kina vijino 16 vya mfano, vina majina ya herufi na namba, kuanzia A1 inayong'aa mpaka D4 iliyochoka. Akavisogeza kimoja kimoja chini ya mdomo wangu wa juu, akakunja uso, akaniomba nigeukie dirishani, akarudia. Alipofika mwisho akakiweka kibao mezani.

"Baba, humu haumo."

Nilimwelewa. Kibao kimetengenezwa Ujerumani, na waliokitengeneza hawakuwa na shemeji Maji ya Chai.

Akanipa uchaguzi. Kwanza, aniwekee meupe, lakini nijue kwamba kompositi haisikii dawa ya kung'arishia meno: nikija kuyang'arisha haya mengine, ya kujengwa yatabaki na rangi yake ileile. Pili, ajenge kwa rangi iliyo karibu kisha achore mabaka yafanane na majirani. Sikufikiri sana. Kazi yangu ni kusherehesha harusi. MC mwenye meno mawili meupe katikati ya kahawia, chini ya zile taa za ukumbini, wageni wataangalia meno na bibi harusi atabaki peke yake.

"Chora," nikasema.

Akanichoma ganzi, akapaka dawa ya bluu, ni asidi, inakwaruza jino ili resini ipate pa kushika. Kwa kawaida haimalizi hata nusu dakika inaoshwa. Kwangu akaiacha ikae zaidi. Akasema meno yaliyolelewa na floridi ni magumu kwa asidi, hayakubali kukwaruzwa haraka. Nimelala pale mdomo wazi, mate yanafyonzwa na mpira, lakini nilivimba kwa fahari. Walau kuna kitu tunawazidi.

Baadaye ikawa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka kijitaa cha bluu kinalia tii, linaganda. Alipofika kwenye mabaka, akachukua brashi yenye nywele za kuhesabika, akatoa ncha ya ulimi nje kidogo, akaanza. Anapaka, anarudi nyuma, analitazama jino la jirani, anapaka tena. Nesi akaitwa atoe maoni.

"Huku kushoto bado pamepauka, dokta. Ongeza kahawia."

Nikasikia kabisa, kwa masikio yangu, watu wawili waliosomea wanahangaika kuniharibia meno kwa ustadi. Mwishoni nikapewa karatasi ya rangi niing'ate, nisage kushoto, nisage kulia, ili waone wapi panagusa zaidi papunguzwe. Akiniuliza kama niko sawa, ninajibu sawa. Mdomo una ganzi, nitajuaje? Kwa hali ile angenifungia hata bawaba ningesema sawa.

Ganzi ilipotoka ndipo ulimi ulipoanza umbea. Muda wote uko kule mbele, unapapasa nyuma ya yale meno, unarudi kuleta taarifa: mazito, marefu, si yetu. Ukiukemea unatulia, ukisahau kidogo umesharudi. Usiku nikaamka nikaukuta uko kazini. Dokta alikuwa ameshanionya kwamba ni mazoea tu, nisome kwa sauti, na pakibaki panapokera nirudi apasugue. Lakini hakuniambia kuhusu S. Kila S niliyoitoa ilikuja imekaliwa na ulimi. Nikasema "thatha hivi", mke wangu akaacha sufuria jikoni akaja kusikiliza vizuri. Nikachukua gazeti nisome kwa sauti. Mtoto wa darasa la pili akanisahihisha mpaka nikalikunja. Aliyefurahi ni jirani yetu Mpemba mwenye duka. Miaka yote ananisikia ninavyoivuruga lugha yao, siku hiyo nimeagiza thabuni na thukari, akanitazama kwa mapenzi ya kweli. "Mashallah," akasema. "Unaanza kunyooka."

Na Jumamosi nilikuwa na harusi. Bwana harusi Yustasi, bibi harusi Felista. Sijui wazazi waliwaza nini.

Nikashika kipaza sauti. "Wapendwa wageni waalikwa, naomba tuthimame, tumpokee Bwana Yuthtathi na mkewe Felithta!" Wakasimama. Meza ya mjomba nikasikia mtu ananong'ona, huyu MC wamemtoa Unguja? Mwingine akajibu, ndiyo, kamati mwaka huu ina hela. Nilipofika kwenye "meza ya dhawadi" mwenyekiti wa kamati akanisogelea akitabasamu kwa ajili ya kamera.

"Kaka, hiyo lafudhi tumeilipia, au ni ofa?"

Tukaenda hivyo hivyo mpaka ndafu ikaingia. Mnaijua: mbuzi mzima kabanikwa, kapambwa, kashikishwa majani mdomoni, watu wanamchezea ngoma. Nikamtazama usoni nikakumbuka kwamba mbuzi hana meno ya mbele ya juu tangu anaumbwa, na hajawahi kukalishwa kwenye kiti cha daktari. Shangazi wa bibi harusi akakata mnofu wa nguvu, akauchoma kijiti, akaja nao moja kwa moja kwangu. "MC naye ni mtoto wetu!" Ukumbi ukashangilia. Huwezi kumkatalia shangazi mbele ya ndafu. Nikaupokea kwa pembeni, kwenye magego, nikatafuna kwa adabu.

Ka!

Kipaza sauti kilikuwa karibu, mlio ulisikika mpaka mlangoni. Ulimi ukaleta taarifa: kuna kitu kigumu, kidogo, kina ncha. Jasho likanitoka. Nikaomba muziki, nikajifanya naenda kuongea na DJ, nikapita nyuma ya spika kubwa. Pale pana giza zuri. Nikawasha kamera ya simu, nikaachama, nikaanza kuyakagua meno moja moja kwa kidole, nikiyatikisa.

Nikaona pamekuwa na mwanga wa kutosha. Nikashukuru.

Mwanga ulikuwa wa mpiga video. Kijana alikuwa ameambiwa asimwache MC hata dakika moja, na kamera yake ilikuwa imeunganishwa na skrini kubwa pale mbele. Kwa hiyo watu wote wa ukumbini, na maaskofu wa meza kuu, walikuwa wanatazama kinywa changu, kila jino ukubwa wa mlango, na kidole changu kinapita katikati. DJ akashusha muziki mwenyewe, si kwa kuagizwa. Nikachomoa kile kitu, nikakiinua kwenye taa. Mpiga video akakivuta karibu, kazi anaijua. Kipande cha mfupa wa mbuzi. Skrini nzima, mfupa.

Kimya. Halafu kutoka meza za nyuma mzee mmoja akasimama, fimbo juu:

"Unguja wapi! Hayo ni meno ya Maji ya Chai!"

Vigelegele vikapasua bati. Sasa ungefanyaje? Nikatoka nyuma ya spika, nikashika kipaza sauti, nikawasimulia yote, tuta, helmeti, kibao cha Mjerumani, brashi, na thabuni nikaitamka makusudi. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuchekewa vile, na hata bibi harusi ilibidi arudishwe kupakwa poda.

Wakati wa chakula yule mzee akanijia mezani na mjukuu wake wa kumshikia tochi ya simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Achama."

Nikaachama. Akainama, akageuza kichwa kushoto, kulia, akamwambia mjukuu asogeze mwanga. Akavuta pumzi.

"Huyo daktari wako kajitahidi. Mengine yote kayapatia. Ila hili hapa," akaligusa kwa ukucha, "hili kaharibu. Rangi imezidi, inaonekana kabisa ni ya kupakwa."

"Mzee, hilo ni langu mwenyewe. Alilolijenga ni la pembeni yake."

Akalitazama tena. Akamtazama mjukuu. Mjukuu akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Ndiyo wanavyokudanganyeni," mzee akasema. "Risiti si unayo? Jumatatu urudi, akurudishie hela."