Biplani ya sura ya vita Lubumbashi: ijengwe, ila bila bunduki

Kuna wazo linalozunguka kwenye magaraji ya Kampemba na kati ya vijana wa shule za ufundi hapa Lubumbashi: mafundi wachange falanga, waagize ng'ambo vipande vya ndege ndogo ya kujijengea, yenye bawa la juu na bawa la chini, yaani biplani, sura yake ile ya ndege za kivita za 1914 hadi 1918. Wengine wanaiona kuwa shule ambayo kijana wa ufundi hataipata kwingine. Wengine wanasema ni anasa, tena anasa inayoua. Mimi nataka ijengwe. Lakini wanaoipinga wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa.

Ndege za namna hii zipo kweli. Huko Missouri, Marekani, kampuni ya Airdrome Aeroplanes inauza vipande vya ndege zinazofanana na Nieuport ya Ufaransa na Fokker ya Ujerumani. Mifupa yake ni mabomba ya alumini yaliyounganishwa kwa vibati na ribiti, si mbao kama zamani. Kuna pia Der Jäger D.IX ya Marshall White, ya mwaka 1969, ambayo haikunakili ndege yoyote moja. Ilichota tu sura ya ndege za Kijerumani za vita ile. Sheria ya Marekani inakubali ndege hizi mradi sehemu kubwa ya kazi imefanywa na watu waliojenga kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Kujifunza kumetajwa ndani ya sheria yenyewe, na hapo ndipo mimi ninaposimama.

Chukua kazi moja tu, ya kuvika bawa. Kitambaa cha poliesta kinagundishwa kwenye fremu kikiwa bado kimelegea. Kisha fundi anashika pasi, ile ile ya nyumbani, ila kwanza anaipima kwa kipimajoto, maana alama za kwenye kitufe chake haziaminiki. Anaipitisha kwa nyuzi 121 za Selsiasi, kitambaa kinajikaza; anarudia kwa nyuzi 177, kinakaza kama ngozi ya ngoma. Akizidisha hapo, kitambaa kinaanza kulegea na hakirudi tena. Baada ya hapo anakishona kwenye kila ubavu wa bawa, fundo baada ya fundo, kwa nafasi zilizopimwa. Washonaji wa soko la Kenya, hapa hapa mjini, wanayo mikono ya kazi hiyo leo hii. Tunachokosa ni ile desturi ya kuandika kila hatua: pasi ilikuwa na joto gani, ilikuwa tarehe ngapi, nani alikagua, alikataa nini. Gari likitoka garajini na kasoro, litakwama njiani na mteja atarudi kulalamika. Bawa halitoi nafasi hiyo, kwa hiyo linamlazimisha fundi kuwa mkweli tangu mezani.

Wanaopinga wanajibu kwamba anayenunua vipande vilivyokatwa tayari hajifunzi, anaunganisha tu. Hapa historia ya ndege hizi hizi ina jambo la kutuambia. Nieuport ilikuwa na bawa la chini jembamba, lenye mhimili mmoja tu ndani yake. Rubani aliweza kuona vizuri chini, na ndege ilipanda haraka. Wajerumani walivutiwa, wakachukua mpango huo kwenye ndege yao ya Albatros D.III. Mwanzoni mwa 1917 mabawa ya chini ya Albatros yakaanza kupasuka angani, hata ya Manfred von Richthofen, rubani wao mashuhuri kuliko wote. Bawa lenye mhimili mmoja lilikuwa linajisokota ndege ilipoteremka kwa kasi, na Nieuport yenyewe ilikuwa na udhaifu huo huo. Walinakili uzuri, wakanakili na ugonjwa wake.

Kwa hiyo swali la kuuliza mafundi wetu ni kama wataelewa kwa nini kila kipande kipo pale kilipo. Vipande vya kununua havizuii kuelewa, ila havilazimishi. Mwalimu anayejua hesabu za mizigo na mizani akiwa karibu, kila waya kati ya mabawa unakuwa somo: huu unabeba ndege ikiwa angani, ule unabeba mabawa ikiwa ardhini. Mwalimu asipokuwepo, afadhali falanga zile zinunue mashine ya kuchongea vyuma, na hapo nawapa wapinzani haki yao yote.

Hoja ya hatari siwezi kuipunguza. Uwanja wa ndege wa Luano, hapa mjini, uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,300. Hewa hapo ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na joto la Oktoba linaipunguza zaidi. Injini inapoteza nguvu, propela inapoteza, bawa nalo linapoteza. Ndege nyingi za kujijengea hutumia injini ndogo, na Rotax, watengenezaji wa injini hizo, wenyewe huandika katika vitabu vya injini zao za mipigo miwili kwamba injini inaweza kuzimika wakati wowote. Sasa biplani, kwa sababu ya nyaya na nguzo zake, hukokotwa sana na hewa: injini ikizimika, haielei mbali, inashuka. Chini kuna nyumba za watu. Novemba 2019 ndege iliyotoka kuruka Goma iliangukia makazi ya watu, wakafa waliokuwamo na waliokuwa majumbani mwao. Mashirika yote ya ndege ya Kongo yamo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya wasioruhusiwa kuruka kwao. Mtu anayesema nchi iliyoshindwa kukagua ndege kubwa haitaweza kukagua ya kujijengea, hasemi upuuzi.

Na kuna hiyo sura ya vita. Wapo wanaodhani biplani ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu. Si kweli. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta biplani za Short za kutua majini, wakaziweka Mtoa karibu na Kalemie ya leo, na zikavuka Ziwa Tanganyika kwenda kupiga mabomu Kigoma. Edmond Thieffry, aliyekuwa rubani wa Nieuport katika vita ile na wa kwanza kuruka kutoka Ubelgiji hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1925, alikufa kwa ajali ya ndege karibu na ziwa hilo hilo mwaka 1929. Hapa mjini, wazee wanaikumbuka Fouga Magister, ndege ya jeti ya Katanga ilipojitenga, iliyoshambulia askari wa Umoja wa Mataifa mwaka 1961. Na ndugu zetu wa Goma na Bukavu hawahitaji kuhadithiwa mabomu ya angani. Wajenzi wengi ng'ambo hupenda kufunga bunduki za bandia mbele ya rubani. Hapa hapana. Mtoto aliyekimbia Kivu na kuhamia kwa shangazi yake Ruashi asitazame juu akaona bunduki, hata kama ni ya bomba na rangi. Mabawa na nyaya zibaki, kwa sababu ndizo zinazofundisha.

Kama wahusika wananisikia, nawashauri wasiagize ndege nzima. Watengenezaji wengi huuza mkia peke yake, na wajenzi wengi duniani huanzia hapo: ni sehemu ndogo, ina kila aina ya kazi, na bei yake haiumizi sana. Waujenge, waandike daftari lake, kisha wamwite mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga akiwa na ruhusa ya kuukataa. Akikataa, watakuwa wamepoteza mkia tu. Akikubali na kutia sahihi, tutajua kuna mtu wa kukagua bawa pia, na hapo mabishano ya kuruka yataanza kuwa na maana.