cargo add, npm install, na kuandika kwa mkono

Kuna mabishano hayaishi kwa sisi waandika programu: dipendensi, yaani zile paketi za watu wengine tunazoegemeza kazi zetu, uziongeze kwa amri moja ya terminali au ufungue faili uandike mwenyewe? Mi nilikua upande wa amri kabisa, siku hizi naangalia kwanza hiyo amri inakuonyesha nini.

Chukua Rust, lugha ya programu ambayo paketi zake zinasimamiwa na zana inaitwa cargo. Kabla ya toleo la 1.62, Juni 2022, cargo add ilikua haimo ndani ya cargo yenyewe, ilibidi uinstoli cargo-edit, nyongeza ya pembeni, la sivyo unafungua Cargo.toml, faili la kuorodhesha dipendensi, unaenda kutafuta namba ya toleo, unarudi kupesti, ukisahau alama moja ya nukuu inakugomea. Sa hivi ukitaka mfano paketi inaitwa serde unaandika cargo add serde, mstari unaingia wenyewe afu inakuorodheshea vipengele vya paketi, vilivyowashwa vina + na vilivyozimwa vina -, hapo ndo unagundua kumbe kile kipengele cha derive kimezimwa. Na haibildi kitu, yaani haianzi kugeuza kodi kuwa programu, una muda wa kughairi.

npm sasa, zana ya paketi za JavaScript! Ukigonga enta tu imeshashusha, na kwa kawaida skripti za postinstall, zile zinazojiendesha paketi ikishawekwa, kama zipo zinakua zimeshakimbia kwenye mashine yako hujasoma hata README, yale maelezo ya paketi. 2017 kuna mtu alipandisha paketi akaiita crossenv, ile halali ni cross-env, tofauti kistari tu, walioteleza wakaibiwa environment variables zao, yaani mipangilio ambayo programu zinaisoma kwenye mashine, na humo ndo watu wanawekaga token na pasiwedi.

Wanaotetea mkono wanasema ule usumbufu ni breki. Kidogo kweli, ila left-pad ya 2016, paketi ya npm, ilikua mistari 11 tu, mwenyewe alipoiondoa bildi zikafeli kila kona na wengi wala hawakuwahi kuiongeza, ilikuja imebebwa mgongoni na paketi nyingine. Hapo mkono ungekusaidia nini?

Mi kilichonifungua macho ni bando. Nimewasha hotspoti ya simu, nimeomba paketi moja, likaisha katikati, na vilivyokua vinashuka karibu vyote sikuvitaja mimi. Kumbe npm install --dry-run ipo, inakuhesabia paketi ngapi zingeingia bila kuziweka, ila nani anaikumbuka saa nane usiku na bagi, yaani kosa kwenye programu, bado ipo? Ingekua ndo tabia yake ya kawaida, ikuhesabie kwanza afu ikuulize, nisingekua na ugomvi nayo.