Kaya 73,561 na ubao wa matangazo wa kijiji

Februari 2020, kipindi cha pili cha Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, unaotoa ruzuku ya fedha na unaoendeshwa na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania), kilipozinduliwa, Watanzania walitajiwa namba moja ambayo haijasahaulika: kaya 73,561 zilikuwa zimeondolewa kwenye orodha ya walengwa. Zikaitwa kaya hewa. Tangu hapo, mjadala wa orodha hizo ukiibuka, hakosi mtu wa kuitoa namba hiyo kama ushahidi kwamba mkutano wa kijiji, unaopitisha majina ya walengwa, umeshindwa kazi. Majina yalisomwa hadharani, yakabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na hewa ikapita vilevile. Basi, wanasema, tuache kutangaza majina ya masikini. Hesabu ifanywe na kompyuta, fedha ziende kwenye simu, kila mlengwa apate ujumbe wake kimya kimya.

Wenye hoja hiyo wasikilizwe, maana hawatetei wizi. Kusomwa jina lako kama fukara mbele ya majirani si jambo jepesi. Mtoto anaweza kuchekwa shuleni kwa sababu ya daftari lililonunuliwa kwa ruzuku. Mzee anaweza kukaa nyumbani siku ya mkutano kwa kukwepa aibu, akapoteza haki yake. Upo na upande wa usalama: malipo hutolewa kila baada ya miezi miwili, na pale yanapotolewa taslimu ofisini, kijiji kizima kinajua nani anarudi nyumbani na fedha. Mwenye duka la mkopo anajua, na mjukuu mlevi anajua.

Lakini hoja yao inaegemea namba ambayo wengi hawajaifungua. Katika zile kaya 73,561, zilizothibitika kuwa si masikini ni 22,034. Zilizoondolewa kwa sababu ni za viongozi na wajumbe wa kamati za mpango ni 9,456. Jumla ya makundi hayo mawili ni 31,490. Kaya 42,071 zilizobaki ni habari nyingine kabisa: 9,903 zilikuwa kila moja na mtu mmoja tu, naye alifariki, 13,468 zilihamia kwenye vijiji ambavyo mpango ulikuwa haujafika, na 18,700 hazikujitokeza kupokea ruzuku zaidi ya mara mbili.

Hapo ndipo panapostahili kutazamwa taratibu. Zaidi ya nusu ya kilichoitwa hewa, yaani asilimia 57, ni watu waliokuwepo kweli. Bibi aliyeishi peke yake akafariki hakuwa hewa. Familia iliyohama kufuata shamba au kibarua haikuacha kuwa masikini kwa kuvuka mpaka wa kijiji; wakati ule mpango ulifika kwenye takriban asilimia 70 tu ya vijiji, mitaa na shehia, na mpaka huo ukawa ndio kosa lake. Na wale 18,700? Neno "hawakujitokeza" linasomeka kama uvivu au hila. Anayejua malipo yanavyoendeshwa vijijini anasoma kitu kingine: tangazo halikufika.

Kipindi kile malipo yalikuwa hivi. Halmashauri inapokea fedha, inapanga ratiba, inamjulisha mtendaji wa kijiji, naye anamjulisha mwenyekiti wa kila kitongoji. Kila hatua inaweza kula siku. Ratiba ikichelewa juu, chini inabaki jioni moja ya kutangaza kwamba kesho saa tatu kuna malipo. Karatasi inabandikwa kwenye ubao usio na kioo, mvua inaifuta. Na msimu wa mvua ndio msimu ambao watu wamehamia kwenye vibanda vya mashamba ya mbali, wengine kwa wiki kadhaa, kulinda mahindi dhidi ya ngedere. Mgonjwa wa kitandani anahitaji mtu wa kumchukulia, na huyo lazima awe ameandikishwa mapema. Kwa ruzuku ya msingi ya wakati ule, shilingi 10,000 kwa mwezi, dirisha moja la malipo, yaani awamu moja ya miezi miwili, likimpita mtu ni shilingi 20,000. Yakimpita mawili, kwenye vitabu anaanza kufanana na mtu asiyekuwepo.

Kwa hiyo namba inayotumiwa kudai tangazo liondolewe, sehemu yake kubwa imetokana na tangazo kukosekana. Kifo kimoja kitongojini kinajulikana na kila mtu kabla ya jua kuzama. Kama taarifa hiyo ilikaa miezi bila kufika kwenye orodha, tatizo si kwamba kijiji kilijua mno.

Kundi gumu kulijibu ni lile la 9,456. Ikiwa majina ya viongozi yalisomwa mkutanoni na hakuna aliyenyoosha mkono, mkutano umefaa nini? Swali hili ni la haki. Jibu ni kwamba mkutano unaoongozwa na mwenyekiti hauwezi kumkataa ndugu wa mwenyekiti. Mjane anayehitaji barua ya utambulisho wiki ijayo hawezi kusimama leo kumpinga mwenye mhuri. Kasoro hiyo ni ya nani anashika karatasi na nani anaruhusiwa kuuliza, na inatibika: orodha isomwe na mwezeshaji kutoka halmashauri, siyo na uongozi wa kijiji, na malalamiko yapokelewe pia faragha, baada ya mkutano. Kuficha majina hakumwondoi kiongozi kwenye orodha. Kunamwondolea tu hofu ya kuonwa.

Ubora wa usomaji wa hadharani unaonekana zaidi ukifuata safari ya jina. Mkutano unakubaliana vigezo vya umasikini wa pale pale: nani anakosa mlo, nani hana kipato cha kueleweka, nyumba ya nani inavuja, watoto wa nani hawaendi shule. Waliochaguliwa na jamii wanaorodhesha kaya. Kisha wawezeshaji wanapita na dodoso: watu wangapi, paa la nini, sakafu ya nini, mali gani. Majibu yanaingizwa kwenye mfumo, mfumo unatoa alama, na alama inaamua. Hesabu hiyo hakuna mwanakijiji anayeiona. Mjane mwenye paa la bati aliloachiwa na marehemu mumewe anaweza kupata alama ya mtu mwenye nafuu, ilhali kitongoji kizima kinajua anakula mara moja kwa siku. Orodha inaporudi kusomwa, ndipo mahali pekee ambapo mtu asiye na karatasi, asiyejua kusoma, asiye na nauli ya kwenda halmashauri, anaweza kusikia uamuzi na kuuliza: mbona mama fulani hayumo? Ukimwondolea mahali hapo, umemwachia namba ya simu ya malalamiko, na salio ndilo hana.

Malipo ya simu yana faida za wazi. Yanapunguza kubeba fedha na kusubiri juani, na hakuna wa kumkata mzee hela mezani. Ila nayo yana milango yake ya kukosea. Laini lazima iwe imesajiliwa kwa jina la mlengwa, kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na alama za vidole. Vidole vya mtu aliyelima miaka hamsini mara nyingi havisomeki. Kwenye orodha ameandikwa Mwanaidi, kwenye kitambulisho Mwanaidi ni jina la pili, fedha zinagoma. Laini ikiwa ya mjukuu, ujumbe unasomwa na mjukuu, na namba ya siri ni yake. Ofisini mlengwa alikuwa anasikia majirani wakiitwa na anajua malipo yametoka. Kwenye simu, asiyepata hajui kama ni yeye peke yake au ni wote. Ndiyo maana hata fedha zikienda kwa simu, tangazo la ubaoni kwamba dirisha limefunguliwa linahitajika zaidi ya zamani.

Wanaochukizwa na aibu wana mfano mzuri upande wa pili wa bahari. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016: kila mkazi aliyefikisha miaka 70, awe tajiri au masikini, apate kila mwezi, kwa kiwango cha wakati huo, shilingi 20,000. Hakuna dodoso la paa, hakuna wa kumwonea haya mwenzake, na tangazo lake halimvunjii mtu heshima kwa sababu linauliza umri tu. Kwa wazee, njia hiyo ni bora, na gharama yake kubwa inastahili kubebwa. Lakini haimfikii mama wa miaka 30 mwenye watoto wanne. Maadamu tunachagua nani apate na nani akose, uchaguzi huo uonekane.

Kuonekana hakulazimishi kumdhalilisha mtu. Isomwe orodha ya waliopitishwa. Alama na sababu za aliyeachwa aambiwe mwenyewe, pembeni. Kiasi inachopokea kila kaya kisibandikwe, kwa kuwa hakimsaidii mkaguzi yeyote wa kijiji na kinamsaidia mwizi. Tangazo la malipo litoke siku saba kabla, kwa maandishi makubwa, likiwa na siku, tarehe, saa, mahali, kitu cha kubeba, na jinsi mgonjwa anavyochukuliwa. Liwekwe chini ya kioo au ndani ya mfuko wa nailoni. Ubao peke yake hautoshi: lisomwe msikitini Ijumaa, kanisani Jumapili na kwenye gulio, na mwenyekiti wa kitongoji apite nyumba kwa nyumba kwa wasiotembea. Na kabla jina lolote halijafutwa kwa kutojitokeza, libandikwe ubaoni dirisha zima, kichwa chake kiwe swali moja: nani anajua aliko huyu?