Chuo kikilazimisha Word, basi kitoe na Word yenyewe

Niseme mapema tu, chuo kikishaandika kwamba kazi zote ziletwe kwenye Microsoft Word, Times New Roman 12, mistari ipishane moja na nusu, hiyo tayari ni ada. Na kama ni ada iandikwe kwenye karatasi ya ada mzazi aione, au chuo kilipe chenyewe. Saivi haipo kokote, mwanafunzi anaambiwa tu "njoo na laptopu yenye Office" kana kwamba Office, yaani kile kifurushi chenye Word, inaota humo ndani.

Hebu tupige hesabu. Microsoft 365, yaani Office ya kulipia kila mwaka, ya mtu mmoja, bei ya Marekani, ilikuwa dola 69.99 kwa mwaka na Januari 2025 wakaipandisha ikawa 99.99 baada ya kuiwekea Copilot, yaani ile akili mnemba yao. Kwa hela yetu ya Tanzania ni kama laki mbili na nusu hivi. Mtoto mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo bumu lake la kula na kulala ni 10,000 kwa siku, kwa hiyo siku ishirini na tano asile asilale mahali ili apate kuandika asaimenti, na mwakani alipe tena maana ile hununui, unakodi. Asiye na mkopo ndo kabisa.

Matokeo yake kila mtu anajua, wanaenda kwa fundi. Fundi kitu cha kwanza anazima antivairasi maana kreki, yaani kiprogramu cha kufungua Office bila kuilipia, haipiti ikiwa imewashwa, halafu anaweka Office anaiaktiveti unampa hela yake unaondoka, na mara nyingi ile antivairasi hairudishwi. Kreki nyingi za aina hii zinaidanganya Office kwamba iko kwenye mtandao wa kampuni kubwa, na ule uhalali unadumu siku 180 tu, usipojihuisha Word inaanza kukusumbua kwamba haijaaktivetiwa. Fikiria hiyo ikukute wiki ya kukusanya risachi. Unakimbilia steshenari na flashi, unachomeka kwenye mashine iliyochomekwa flashi za chuo kizima, unarudi na virusi, mafaili yote yamegeuka shotikati. Nimeona watu wazima wanalia kwa hili jamani, sio jambo dogo.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Microsoft wenyewe wana Office 365 A1 ya elimu, bure kabisa, Word na Excel na PowerPoint za kwenye brauza, chuo kinatakiwa kijisajili kithibitishwe halafu kiwape wanafunzi imeili za chuo. Basi. Ni kazi ya watu wa IT. Lakini kuna vyuo mwanafunzi anamaliza miaka mitatu hajawahi kupewa hiyo imeili, au alipewa mwaka wa kwanza pasiwedi ikapotea na hakuna wa kumrudishia. Ndio, ya kwenye brauza inakula bando, basi waifai ya chuo ifike hosteli, hilo nalo ni jukumu lao.

Halafu kuna LibreOffice, ofisi nyingine inayofanya kazi kama za Word na Excel. Bure, inafanya kazi bila intaneti, inafungua na kusevu docx, yaani faili za Word, hata zile komenti na masahihisho ya supavaiza inayaonyesha. Mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein kule Ujerumani, serikali yenye hela zake, lilitangaza kuhamisha kompyuta kama 30,000 za ofisi kwenda huko. Na sisi tulishaanza zamani, mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa kuleta programu za bure kwa Kiswahili, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, menyu zote! Miaka ishirini na zaidi imepita bado tunamwambia mtoto bila Word kazi haipokelewi.

Malecha watasema faili zinavurugika. Kweli zinavurugika, jedwali linahama, kurasa za yaliyomo hazilingani, ila mara nyingi tatizo ni fonti. Kompyuta ikikosa Calibri inaweka nyingine yenye upana tofauti na mistari yote inasogea. LibreOffice inakuja na fonti ya Carlito ambayo upana wake ni sawa na Calibri, na ina Liberation Serif kwa ajili ya Times New Roman, kwa hiyo wengi hata wasingejua tofauti. Na kama ni kazi ya kusoma na kuweka maksi tu, si upokee PDF? PDF haihami popote.

SPSS, ile programu ya takwimu za risachi, ndo usiseme, lakini PSPP ipo, jamovi ipo, zote bure na faili za SPSS zinafungua.

Fomu za kujiunga zinatoka kila mwaka kabla chuo hakijafunguliwa. Ule mstari wa "laptopu yenye Microsoft Office" ufutwe. Paandikwe hivi: imeili ya chuo utapewa wiki ya kwanza, Office utaingia kwa hiyo imeili, LibreOffice itawekwa bure maabara ya kompyuta kwa atakayetaka, na kazi zitapokelewa kwa docx, odt (faili za LibreOffice) au PDF.