Wiki ile ya Septemba 1916: kifaru kule Somme, kichwa cha mpagazi huku kwetu

Hapa Goma siku hizi popote watu wamekaa wanakunywa chai, haikawii mtu kuingiza vita ya tatu ya dunia. Itaanza wapi, Ukraine, Taiwan, Iran, na itapiganwa na nini. Vijana wengi wanasema itakuwa ya mashine tu, droni na kompyuta, mtu mwenyewe atabaki kuangalia. Na rafiki yangu mmoja mwalimu wa historia, mtu ninayemheshimu sana, anawaunga mkono kwa mfano wa vita ya kwanza ya dunia, 1914-1918. Anasema hata ile iliamuliwa na viwanda vya Ulaya, na hii yetu ya huku maziwa makuu ilikuwa vita ya pembeni, ungeifuta kabisa na matokeo yangebaki vilevile. Nimeifikiria sana hiyo hoja. Ina ukweli ndani yake na nitausema wote, ila kuna sehemu inaniuma, juu inafuta watu.

Tumpe kwanza haki yake. Mambo ya Sarajevo mnayajua, tarehe 28 Juni 1914 mwanamfalme wa Austria anapigwa risasi, na kufika tarehe 4 Agosti mataifa makubwa ya Ulaya karibu yote yameshaingia. Kutoka hapo kila kitu kizito kiliamuliwa kule: mapigano ya Marne na Verdun huko Ufaransa, na manowari za Waingereza zilizofunga njia ya chakula kwenda Ujerumani. Kabla ya shambulio la Somme, Ufaransa pia, Juni 1916, mizinga ya Waingereza ilifyatua makombora zaidi ya milioni moja na nusu kwa muda wa wiki moja hivi. Huku kwetu hakuna aliyeona kitu cha namna hiyo. Na ushahidi mkubwa wa mwalimu ni Lettow-Vorbeck mwenyewe, yule kamanda wa Wajerumani wa Afrika Mashariki, alizunguka na jeshi lake miaka minne mpaka Msumbiji na Rhodesia, akasalimisha silaha Abercorn (Mbala ya leo, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kusimamishwa Ulaya. Hakuwa ameshindwa, na nchi yake ilishindwa vilevile. Kwa hiyo ukiniuliza nani aliamua nani ashinde, sina ubishi, ni kule.

Ila ngoja tuangalie wiki moja tu. Tarehe 15 Septemba 1916, pale Flers katika uwanja wa Somme, vifaru, yale magari ya chuma yenye mizinga, vinaingia vitani mara ya kwanza duniani. Kila kitabu kinaandika hiyo siku, njo mwanzo wa vita ya kisasa wanasema. Siku nne baadaye, tarehe 19 Septemba, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, chini ya jenerali Tombeur, linaingia Tabora. Lilitoka huku kwetu, Kivu na upande wa Ruzizi, likapita Kigali mwezi wa tano, likatembea. Namaanisha kutembea kwa miguu. Hakuna kifaru, hakuna kamyo, na sehemu kubwa ya njia hakuna hata punda, sababu mbung'o ulikuwa unaua kila mnyama wa kubeba. Vita ile ile, mwezi ule ule, Ulaya inaongeza chuma na huku chuma kinaisha njiani, kinachobaki ni shingo na kichwa cha mtu.

Vile vita yenyewe ilifika huku nitapita haraka. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa umeacha mlango nchi za bonde la Kongo zibaki nje ya vita za Ulaya, na Ubelgiji mwanzoni ilitaka kuutumia. Gavana wa Kijerumani, Schnee, naye hakuwa na hamu ya vita. Haikusaidia. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Waingereza inapiga Dar es Salaam, tarehe 22 meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann inashambulia meli ya Wabelgiji kwenye ziwa Tanganyika, pale Lukuga karibu na Kalemie, na tarehe 24 Septemba Wajerumani wanachukua kisiwa cha Idjwi, hiki hiki cha ziwa Kivu. Nani alaumiwe zaidi? Wajerumani ndio waliogusa Kongo kwanza, hilo liko wazi, ila hakuna upande uliowauliza watu wa Idjwi.

Sasa hesabu. Hii njo inanisumbua, na naomba uifuate pole pole.

Mpagazi anabeba kilo 25 hivi. Anahitaji kula, tuseme kilo moja ya unga au mchele kwa siku, na kwa mtu anayepanda milima na mzigo hiyo si nyingi. Peleka huyo mtu mwendo wa siku 10 kutoka stoo. Atakula kilo 10 kwenda, kilo 10 kurudi. Katika kilo 25 alizotoka nazo, zinazofika kwa askari ni 5. Sasa weka askari 1,000 mbele, nao kila mmoja ale kilo moja kwa siku, yaani tani moja kila siku. Ili hiyo tani ifike unahitaji wapagazi 200 waondoke kila asubuhi, na kila mmoja safari yake ni siku 20, kwa hiyo kwenye njia kuna watu 4,000 muda wote, wanakwenda na wanarudi, kwa kulisha askari 1,000 tu. Hapo bado risasi, bado mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, bado dawa, bado mahema ya maofisa.

Kiisha ongeza siku mbili tu. Ziwe 12. Sasa kila mpagazi anafikisha kilo moja. Wanatakiwa 1,000 kila asubuhi, na njiani wako 24,000. Kwa siku mbili za mwendo zaidi, watu wameongezeka mara sita! Na kutoka Kivu mpaka Tabora si mwendo wa siku 12.

Ndiyo maana hesabu hiyo haikuwahi kufanywa kwa haki. Jeshi lilikuwa na njia mbili za kuikwepa, kupunguza posho ya mpagazi au kuchukua chakula kwenye mashamba ya watu linapopita, na majeshi yote, la Wabelgiji, la Waingereza, la Wajerumani, yalifanya zote mbili. Mpagazi aliyepunguziwa posho alikufa kwa kuhara, kwa baridi ya milima ambayo hakuizoea, kwa mapafu. Kwa upande wa Kongo inakadiriwa walitumika wapagazi 260,000. Waingereza nao walichukua karibu milioni moja wakati wote wa vita, na waliokufa, kwa makadirio yao wenyewe, wanapita 90,000. Askari wote wa Lettow-Vorbeck wakati jeshi lake limejaa hawakufika 20,000. Yaani waliokufa wakibeba mizigo ya upande mmoja tu ni mara nne na zaidi ya jeshi lililokuwa linawindwa. Na waliobebea Wajerumani, wengi hakuna daftari linalowataja.

Huku Goma tunamwona kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, anateremka kutoka Kibumba na magunia ya makaa au viazi, jasho linamtiririka, na tunasema kazi ngumu hiyo. Mpagazi wa 1916 hakuwa na hata hilo gurudumu la mbao.

Na chakula kilichochukuliwa mashambani nacho kina watu wake. Ng'ambo ya mpaka wetu, upande wa Gisenyi na kaskazini-magharibi ya Rwanda, wazee walipokea jina la njaa ya Rumanura, 1916 mpaka 1918. Vita haikuwa sababu peke yake, ila majeshi mawili yalikuwa yamekaa hapo karibu miaka miwili yanatazamana na yanakula, na wanaume walitolewa shambani wakabebe. Mwalimu akisema ni pembeni, najiuliza, pembeni ya nini? Kwa mama wa Bugoyi, huko huko upande wa Gisenyi, aliyezika watoto ile njaa, katikati ilikuwa wapi?

Rafiki yangu akisikia hivi ananijibu kwamba mashine zilikuwepo hata huku, na ni kweli, zilikuwepo. Mfano wake mzuri ni boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou. Mwaka 1915 zililetwa kutoka Uingereza mpaka Cape Town, treni ikazipandisha mpaka Fungurume huku Katanga, kutoka hapo zikavutwa porini kupita milima ya Mitumba, zikapata treni tena, zikateremka Lualaba, mwisho zikafika ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba 1915 zikakamata meli ya Wajerumani Kingani, na Februari 1916 Mimi pamoja na hiyo Kingani iliyotekwa zikazamisha ile Hedwig von Wissmann. Ziwa likaanza kugeuka. Mashine ndogo zimeshinda, si ndiyo?

Lakini tazama katikati ya safari. Boti zilivutwa na matrekta ya mvuke, na mvuke unataka maji, na porini kule kiangazi maji yalikosekana. Mitambo ikasimama. Kilichoiokoa ni wanawake wa vijiji vya karibu waliokodiwa kuleta maji kwa vyungu kichwani, maili na maili, wayamimine kwenye tangi la trekta lililotoka Ulaya. Madaraja yalijengwa kwa mikono, magogo yalikatwa kwa mikono. Ukiandika kwamba boti zilishinda ziwa, andika pia nani alinywesha hiyo mashine. Vitabu vinajua jina la kamanda, Spicer-Simson, mpaka sketi aliyopenda kuvaa vinaieleza. Wanawake wale wanaitwa tu wanawake.

Kuna na ile ndege kubwa ya gesi, zepelini L59. Novemba 1917 Wajerumani waliirusha kutoka Bulgaria imletee Lettow-Vorbeck dawa na risasi, ikakata bahari, ikafika Sudan, ikaitwa irudi. Ilikaa hewani saa 95, karibu kilometa 6,800, jambo la kushangaza kweli kwa wakati ule. Mzigo wake ulikuwa kama tani 15. Gawanya kwa kilo 25: ni vichwa 600. Juhudi yote ile ya kiwanda na injinia ilikuwa inataka kufanya kazi ya watu 600, na haikuifanya.

Kwa hiyo pale tunapotofautiana na mwalimu ni hapa. Yeye anapima vita kwa nani aliamua ushindi, na kwa kipimo hicho anashinda. Mimi napima kwa kile vita ilidai kutoka kwa watu wa kawaida, juu hicho njo kilichobadilika zaidi 1914. Tunaambiwa vita ya kisasa ni ile inayokula nchi nzima, siyo jeshi peke yake: kila mwanamke kiwandani, kila gunia la ngano limehesabiwa na serikali. Sawa. Huku gunia lilihesabiwa pia, na mwanaume aliandikwa kijijini kwa chifu, akaondoka. Hiyo ni vita ya kisasa kabisa. Na malipo yake yalibadilisha ramani tunayoishi ndani yake: 1919 Orts wa Ubelgiji na Milner wa Uingereza wanakubaliana Rwanda na Urundi ziende kwa Ubelgiji, na ziwa Kivu pande zote mbili likawa chini ya bendera moja mpaka uhuru. Kwa vita ya pembeni, hayo ni mengi.

Sasa turudi kwa vijana na droni zao. Droni sisi tumeisikia juu ya vichwa vyetu, siwezi kuidharau, na kule Ukraine imebadilisha namna askari anavyotembea, anavyojificha, anavyopata chakula. Ila droni ina betri, ina bomu, ina mtu aliyeileta pale. Na hapa hapa kwetu, milima ya Masisi na Walikale, miaka yote hii watu wenye bunduki wamekuwa wakikamata vijana njiani wawabebee risasi na vyakula, wengine wamerudi na mabega yameoza, wengine hawakurudi. Miaka zaidi ya mia baada ya Tabora, mtu ana simu ya satelaiti mkononi na mzigo wake uko kwenye mgongo wa mtoto wa shule.

Njo maana vijana wakiniuliza hiyo vita kubwa tutaijuaje ikianza, sitawaambia watazame angani. Miezi mingi kabla Tombeur hajavuka, vyakula vilikuwa vinarundikwa kwenye stoo za Kivu na wanaume walikuwa wanaandikwa. Tazameni sokoni nani anafagia unga wote kwa mkupuo, kamyo za nani zimekodiwa zote, na kwa chifu gani wanaomba majina ya vijana.