Huyu ni Nani? Vitabu Vipya vya Picha na Sisi Watu wa Lamu

Shangazi yangu hasomi Kiingereza, na macho yake hayamsaidii sana siku hizi. Lakini ukimwekea kitabu cha picha magotini, hakiachi mpaka afike jalada la nyuma. Jioni moja tulikuwa tumekaa msana wa yuu, kile chumba kirefu cha ndani ya nyumba, stima zimepotea, taa ya kuchaji iko kando yetu, nikamfungulia *The Surface of Things* cha Prita Meier. Akapitisha kiganja juu ya karatasi kama mtu anayepima kitambaa dukani. Akasimama kwenye picha ya mwanamke aliyeketi kitini, amevaa akavalika, ametulia.

"Huyu ni nani?"

Nikamjibu kwamba mji upo na mwaka wa kukisia upo, ila jina halipo.

"Mato yangu hayaoni, mwanangu. Nisomee vyema yaloandikwa hapo tini. Mtu hawezi kuvaa hivi akawa hana jina."

Nilisoma tena, na jina halikuwepo. Tangu siku ile nimekuwa nikivitazama vitabu vya sanaa na upigaji picha kwa swali lake. Ninayoandika hapa ni kuwashauri mvitafute baadhi yake, na pia kueleza kwa nini naamini havijakamilika mpaka vifunguliwe kwenye nyumba zetu.

Nianze na hicho cha Meier, kwa sababu ndicho kilichonishika zaidi. Kimetolewa mwaka 2024 na Princeton University Press, na mwandishi ni mwalimu wa historia ya sanaa katika Chuo Kikuu cha New York. Kinafuatilia habari za picha katika miji ya pwani yetu, Unguja, Mombasa na Lamu, tangu kamera ilipofika miaka ya 1860. Hoja yake ndiyo iliyonifanya nikisome usiku kucha. Anasema kwamba watu wa pwani hawakuichukua picha kama kioo cha kuonyesha sura ya mtu tu. Waliichukua kama kitu: cha kushikwa, cha kupambia ukuta, cha kupeana, cha kuwekwa pamoja na vitu vingine vizuri vilivyovuka bahari.

Aliyekulia katika nyumba ya mawe ya Lamu hahitaji kushawishiwa. Ukuta wa ndani una zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, safu juu ya safu, zimechongwa kwenye plasta ya chokaa. Humo zilipangwa sahani za kaure kutoka China, bakuli na vitabu. Hakuna aliyeweka sahani zile ili azilie wali. Ziliwekwa ili ukuta upendeze na mgeni ajue ameingia nyumba ya watu gani. Picha zilipokuja zikapewa kazi hiyohiyo. Kwa shangazi yangu, picha ya marehemu babu yangu imening'inia juu kabisa, karibu na boriti, mahali ambapo huwezi hata kuona pua yake vizuri. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni kosa la aliyepigilia msumari. Baada ya kusoma kitabu hiki nimeelewa kwamba babu amewekwa pale pale ambapo ingewekwa sahani ya thamani. Haikukusudiwa aangaliwe pua. Yupo, na nyumba inajulikana kuwa ni yake.

Uzuri wa Meier ni kwamba haishii kwenye mapambo. Anaonyesha pia ubaya uliomo ndani ya picha hizo. Pwani hii ilikuwa na watumwa, na wapo waliowekwa mbele ya kamera bila ridhaa yao, wakavalishwa ili wapambe nyumba au jina la mtu mwingine. Baadaye zikaja postikadi, zikasafirishwa Ulaya kwa maelfu, na chini ya sura ya mtu pameandikwa kabila lake, au kazi yake, au neno la kumsifu uzuri kama asifiwavyo farasi. Hapo swali la shangazi linapata uzito. Kukosekana kwa jina mara nyingine si kwamba limesahaulika. Aliyepiga picha hakuuliza, na aliyeinunua hakutaka kujua.

Kitabu cha pili si kipya sana, ni cha mwaka 2018, lakini sijaona kilichokishinda: *World on the Horizon*, kilichohaririwa na Meier huyohuyo pamoja na Allyson Purpura. Kilitoka pamoja na maonyesho yaliyofunguliwa Illinois mwaka 2017, yakaenda Washington, yakamalizikia Los Angeles. Vitu vilivyoonyeshwa vilikuwa zaidi ya 150, vingine vimeazimwa kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya na vingine kutoka Oman. Nilikipeleka kwa ami yangu mmoja ambaye ni fundi wa milango, nikidhani ataruka maandishi na kutazama nakshi. Kweli maandishi aliyaruka, lakini picha alizisoma kuliko nilivyosoma mimi maneno. Akaweka patasi chini, akapangusa mikono kwa kikoi, akaanza: huu mfaa, mti wa katikati ya mlango, umechongwa na mkono mmoja, lakini kizingiti hiki kimebadilishwa, tazama ua lilivyokatwa katikati. Hii mbao ni mbambakofi. Hapa fundi alikuwa na haraka.

Kisha akafika kwenye kiti cha enzi. Vile viti vya mpingo vilivyotiwa vipande vya pembe, na kamba zilizosukwa mgongoni na kwenye kikalio, vilikuwa vya wakubwa na wageni wa heshima. Ami alikaa na ukurasa ule muda mrefu sana. Aliniambia angeweza kukitengeneza mbao yote, ila kamba zile hana wa kumsukia tena, maana aliyekuwa akizijua ameshafariki. Nimesoma makala nyingi za wasomi kuhusu sanaa ya pwani, na sijapata kusoma sentensi iliyonionyesha kile kiti vizuri kama ile. Nasikitika kwamba haimo kitabuni. Ingekuwa ndani kama kitabu kingepita hapa mtaani Langoni kabla ya kwenda kwa mchapishaji.

Hili ndilo lawama langu kubwa kwa vitabu vya aina hii, na nalitoa kwa upendo. Vimeandikwa kwa Kiingereza, vinachapishwa mbali, ni vizito na ghali, na kuvifikisha hapa ni safari: Nairobi, kisha basi hadi Mokowe na boti, au ndege hadi Manda na boti vilevile. Matokeo yake, mtu wa Los Angeles anaijua siwa ya Lamu, lile baragumu kubwa la heshima, kwa picha kubwa ya rangi, na mtoto wa mtaa wetu wa Mkomani anaisikia kwenye hadithi. Sidai kila kitabu kitafsiriwe chote. Nadai maelezo ya chini ya picha tu. Kurasa chache za Kiswahili, ziwekwe hata mwishoni, zingetosha hata mtoto wa nyumbani aweze kumsomea shangazi yangu. Na nakala moja iletwe Ngomeni. Ngome ile ilimalizika kujengwa mwaka 1821, ikawa jela hadi 1984, na leo watu wanaingia humo kwa mikutano na maonyesho. Kitabu cha picha kikiwekwa mezani pale, kikiwa wazi, kitasomwa zaidi ya mahali popote duniani.

Kuna vingine viwili nitavitaja kwa ufupi. *Camo* cha Thandiwe Muriu, Mkenya mwenzetu, kimetoka 2024. Anampiga picha mwanamke aliyevaa kitambaa kilekile kilichotandazwa nyuma yake, hata mwili unapotelea ndani ya nakshi na unabaki uso, nywele zilizosukwa kwa ustadi, na miwani iliyoundwa kwa vitu vya nyumbani. Wasichana wa kwetu walikigombania. Mmoja alitoa leso mbili za shangazi, akaitundika moja ukutani na kujifunga nyingine, wakapigana picha kwa simu hadi maghribi. Kingine ni *The Recovered Archive*, picha za Priya Ramrakha, mpiga picha wa Nairobi aliyenasa siku za kupigania uhuru na kuuawa katika vita vya Biafra, Nigeria, mwaka 1968. Picha zake zilikaa kwenye gereji Nairobi miongo kadhaa kabla ya kugunduliwa, na kitabu kikatoka 2018. Nilipokisoma nilifikiria masanduku mangapi yako juu ya makabati hapa mjini.

Maana na sisi tulikuwa na studio zetu. Marehemu Omar Said Bakor alikuwa na studio hapa Lamu, na hakuridhika kupiga picha na kusafisha. Alizikata, akazitunga upya, akamtia mtu mahali ambapo hajapata kukaa. Watafiti wa ng'ambo wameiandikia kazi yake, na wenye umri hapa mjini wanazo picha zake kwenye albamu. Hizo za kwenye albamu sijaziona kitabuni.

Na hapa nafika kwenye jambo gumu, ambalo sikuliona mpaka shangazi aliponionyesha albamu yake mwenyewe. Aliitoa sandukuni, imefungwa kwa kitambaa, akaufunga mlango kwanza. Ndani mna picha za studio za miaka ya ujana wake: wasichana watano wamesimama mbele ya pazia lililochorwa, nywele wazi, wamejipamba, mmoja ameshika ua la plastiki. Picha ile ilipigwa ili itazamwe na wanawake wenzao, na waume zao baadaye, na basi. Siku hizi katika harusi nyingi za wanawake simu huachwa mlangoni kwa sababu hiyohiyo. Stara si kitu cha zamani hapa kwetu.

Sasa mchukue msichana yule mwenye ua. Albamu yake ikiuzwa baada ya kufa kwake, ikafika kwa mkusanyaji, ikafika makumbusho, ikafika kwenye karatasi ya kung'aa yenye nakala elfu kadhaa: je, tunataka jina lake liandikwe chini? Nilipoanza kuwaza haya nilikuwa na hakika kwamba jina ni haki. Shangazi alinipunguzia hakika hiyo. Aliniambia, "Jina lake nitakwambia wewe. Kitabuni mumuulize mwanawe."

Nimeligeuza neno hilo mara nyingi na naona ni sahihi. Haki si lazima jina lichapishwe. Haki ni aulizwe mtu. Kwa picha za miaka ya 1860 pengine hakuna wa kuulizwa tena, na hapo mwandishi anapaswa kueleza kwa uwazi kwamba jina liliachwa na nani na kwa nini. Lakini picha za miaka ya 1950, 1960 na 1970 zina wenyewe, na wengi wao wanaishi umbali wa mitaa miwili kutoka mahali zilipopigiwa. Mtafiti anayepanda boti kuja hapa kutafuta picha ana uwezo wa kupanda ngazi za nyumba na kuuliza. Akiambiwa hapana, aiache picha. Kitabu hakitapungua kitu kwa kukosa ukurasa mmoja.

Wanaonunua vitabu hivi nawapa shauri moja la mji wetu. Karatasi ya kung'aa na unyevu wa bahari havipatani. Msimu wa kusi kurasa hushikana, na ukizibandua kwa nguvu rangi hubaki upande wa pili. Usikilaze kitabu sakafuni wala usikiegemeze kwenye ukuta wa mawe, maana ukuta huo hupumua chumvi. Kiweke kabatini palipo na hewa, tia vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na kifungue mara kwa mara. Kitabu kinachosomwa hapa hudumu kuliko kilichofungiwa, kwa kuwa kinapigwa na upepo. Albamu za zamani nazo hivyohivyo, na zaidi: usiandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino, maana wino hupenya na kutokea usoni mwa mtu. Tumia penseli laini, na usikandamize.

Kitabu cha Meier sasa kiko kwa shangazi, kwenye kidaka cha chini ambacho anakifikia bila kusimama. Majirani huja baada ya alasiri, na kila mmoja hufunguliwa ukurasa ule wa mwanamke kitini, aulizwe kama anamfananisha na mtu wa nyumba fulani. Hajapatikana wa kumtambua. Albamu yake nayo tumeianza, picha moja kwa usiku, mlango umefungwa. Nyuma ya ile ya wasichana watano nimeandika majina manne. La yule mwenye ua shangazi analo, amesema atanipa akishazungumza na mwanawe, ambaye anarudi kutoka Mombasa mwezi ujao.